Josiah Thackett Hakupanda Meli

Nimestaafu, Brenda. Sijaacha kazi, sijafukuzwa, na sijakimbia. Unasema mtu wa miaka thelathini na nne hastaafu, anahama tu. Haya. Kaa wewe miaka kumi na tano unasoma majina ya watoto waliokufa kwa homa, halafu njoo tupime nani mzee. Musa naye kacheka, nimemsikia, nilikuwa kwenye ngazi. Ndiyo maana naandika. Nikisema nitapiga kelele, na nyinyi kelele zangu mmeshazizoea, hamzisikii tena.

Mambo ya vyeo hamtayakuta humu. Kabla yenu wawili ofisi ilikuwa ya watu wawili tu, Mama Njeri na mimi, na cheo kilikuwa nani kachemsha maji. Nataka mjue nilivyoanza, nilivyofundishwa, na ilivyokuwa kwenye lile faili la akina Thackett, maana kila mtu analisema na aliyekuwepo ni mimi.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nakaa Thamesmead, hapa London, kwa shangazi yangu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee: kuogesha, kulisha, kubadilisha shuka. Mama Njeri alikuwa nesi pale, Mkikuyu wa Nyeri, mwembamba, sweta la kijivu mwaka mzima. Kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza ana boksi la barua za ukoo wake, za zamani mno, mwandiko kama nyuzi zilizofumuka. Macho yake yalikuwa yamekwisha na hakuna aliyeweza kumsomea. Nikawa nakaa naye baada ya chai, neno moja moja, mpaka zote zikaisha. Sikufundishwa na mtu. Niliudhika tu kwamba karatasi inanishinda.

Mama Njeri akanikuta hapo. "Wewe msichana, haya umesomea wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa kwa nani?"

"Kwa hasira, Mama."

Hakucheka. Akaniambia Jumamosi nimfuate Peckham.

Mnakijua chumba, lakini hamkukiona wakati ule. Saluni ya chini ilikuwa ya mama mmoja wa Kongo, unapanda ngazi na harufu ya rasta zinazochovywa maji moto. Juu meza moja, makabati mawili, birika. Kazi yake ya siku za mapumziko ilikuwa hii: Wamarekani, Wakanada, Waaustralia wanaandika kuuliza wametoka wapi, yeye anawatafutia. Mkikuyu wa Nyeri na Mdigo wa Tanga, juu ya saluni, tunawatafutia Wazungu babu zao. Chekeni mkimaliza tuendelee.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika "marahaba" kama mtu anayejibu mtihani, maana kwao hiyo wanaikuta shuleni tu. Halafu akanipa penseli tatu. Nikamwambia kalamu ninayo. Tulipofika kwenye chumba cha kusomea nyaraka, mlinzi akaichukua kalamu yangu, akachukua na mandazi yangu manne. Wino haurudi ukimwagika, ndiyo maana. Mandazi nilirudishiwa jioni, yakiwa matatu. Sikusema kitu, siku ya kwanza.

Alinionyesha mito ya sponji ya kulalia vitabu, na ile kamba nene ya kitambaa yenye vipande vya madini ya risasi ndani, inayoshikilia ukurasa usijifunge. Tunaiita nyoka. Alinifundisha kwamba zamani mwaka wao ulianza mwezi wa tatu mwishoni, kwa hiyo Januari inakuja baada ya Desemba lakini mwaka ni ule ule. Wengi wanaangukia hapo. Alinifundisha pia kutosoma neno kabla sijamjua aliyeandika. "Tafuta kwanza maneno unayojua lazima yapo. Mwana wa. Alizikwa. Uone huyu karani anaandikaje herufi zake. Ukishaujua mkono wake, hata jina gumu litakuja." Hilo silioni mkifanya. Mnakimbilia kompyuta iwasomee, kompyuta inasoma Hannah kuwa Thomas, na nyinyi mnamwandika Thomas mwenye mimba.

Sasa kuhusu majina. Siku moja tunakula githeri, mahindi na maharage, aliyoileta kwenye kopo, akaniuliza, "Wewe Rehema umeitwa kwa nani?"

"Sijaitwa kwa mtu. Mama alilipenda tu."

"Haiya! Alilipenda tu?" Akaweka kijiko chini. "Kwetu hakuna kupenda tu. Kijana wa kwanza ni babu yake mzaa baba. Wa pili ni babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Nipe majina ya watoto wa nyumba yoyote kwetu, kwa mpangilio waliozaliwa, nitakutajia wazee wao na sijawahi kuwaona."

Na aliweza. Shangazi yangu alikuwa na rafiki Mkikuyu kazini, nikamjaribu Mama kwa watoto wake wanne. Alipatia wote.

Faili la akina Thackett lilikuja mwaka wangu wa pili. Aliyeandika ni Bi Dorothy, mama wa miaka sabini na kitu kule Tennessee, Marekani, mwandiko mzuri, maneno mengi. Ukoo wao walikuwa wanaujua mpaka kwa mtu mmoja, Josiah Thackett, aliyeishi karne ya kumi na nane kwenye mpaka wa Virginia, enzi Amerika ikiwa bado koloni. Mpaka wenyewe ulikuwa hivi: serikali ya mfalme inaishia milimani, ng'ambo ya milima ni misitu yenye wenyewe, wenyeji wa nchi, ambao hakuna aliyewauliza. Watu wa aina ya Josiah walikuwa wanaingia humo na shoka na ng'ombe mmoja, wanakata miti, wanasema hapa kwangu. Kwenye kitabu cha mahakama ya huko alisema amezaliwa London, akaja kwa meli akiwa kijana, akamtumikia mtu miaka saba kulipia safari. Kabla ya hapo, giza. Bi Dorothy alitaka kujua baba yake Josiah ni nani. Ni hilo tu.

Tulikuwa na nakala ya wosia wake. Anamwachia mkewe Hannah kitanda na gurudumu la kusokotea uzi. Edward, mwana wa kwanza, bunduki. Samuel, mwana wa pili, ardhi ya ng'ambo ya kijito. Halafu, katikati ya ng'ombe na chungu cha chuma, "msichana Dinah." Nikasoma mara mbili: mtumwa, anarithishwa pamoja na vyombo. Nikasimama, nikamwambia Mama Njeri turudishe hili faili, mimi siwatafutii hawa babu, wakatafute wenyewe.

Akaningoja nimalize. "Tukirudisha, Dinah ataandikwa na nani?"

Akachukua kadi mpya, akaandika jina lake peke yake juu, na kila ripoti tuliyopeleka Tennessee ilikuwa na ukurasa wa Dinah. Hawakuuliza juu yake hata mara moja. Ukurasa ulienda tu.

Tulivyompata baba yake Josiah ilikuwa hivi. Hannah, yule mke, babake tulimjua: Samuel. Na mwana wao wa pili ni Samuel. Mama Njeri alipoona hilo aliondoa miwani.

"Samuel amekaa mahali pake," akasema. "Babu mzaa mama, kijana wa pili. Sawa kabisa. Kwa hiyo wa kwanza, Edward, ni babu mzaa baba. Josiah ni mwana wa Edward."

Hakusema "huenda." Alisema kama mtu anayekutajia wajukuu wa jirani yake. Na mimi nikakubali, maana nilikuwa nimemwona akipatia. Tukaanza kutafuta kwenye rejista za makanisa ya London mtoto Josiah Thackett wa baba Edward. Kanisa hadi kanisa, mikrofilamu hadi mikrofilamu, zile picha za rejista zinazosomwa kwenye skrini ya mashine, karibu miaka miwili. Siku tuliyompata, kwenye kanisa moja la Deptford, amebatizwa, baba yake Edward, msokota kamba za meli, Mama Njeri alinishika mkono akaubana mpaka nikaumia. Mtu ambaye nilikuwa sijamwona hata akipiga makofi kanisani. Ripoti niliipiga chapa mimi. Niandikeni na hilo.

Bi Dorothy aliwasomea ndugu zake ripoti ile kwenye mkutano wa ukoo. Ikachapishwa kwenye jarida lao. Koo nyingine zikaanza kutuandikia. Kazi iliyokuja miaka ile, hata hii mnayoifanya nyinyi, nyingi ilikuja kwa mlango huo: huyu ndiye aliyempata Edward Thackett.

Miaka minne iliyopita akina Thackett wakaandika kwamba wanakuja London, watu arobaini, kusimama kwenye uwanja wa kanisa la Deptford, ambako waliamini Edward kazikwa. Mama Njeri akanunua sweta jipya. La kijivu.

Wiki sita kabla hawajafika nilikuwa kwenye chumba cha kusomea, na pale kuna Mwingereza mmoja, mwalimu mstaafu, anatafuta koo kwa kujifurahisha. Nitamwita Bwana Clive. Alikuwa amesoma lile jarida. Akaniegemea mezani, sauti ya chini, adabu zote.

"Huyo Mama wako ana majina mawili na matumaini," akasema. "Ushahidi uko wapi?"

Nilimwambia maneno ambayo kwetu Tanga yanasemwa sokoni, halafu nikamtafsiria ili asikose. Watu wote wakageuka. Mlinzi akaja, akaniambia kwa leo inatosha. Nikatoka nje na penseli zangu.

Nilirudi Peckham. Nikamsimulia Mama Njeri, nikitegemea atanipa pole.

"Na ushahidi ulimpa?"

"Nilimpa haki yake."

"Basi hujanitetea. Umepiga kelele tu. Rudi ukasome, umletee karatasi."

Ndiyo nikarudi. Nia yangu ilikuwa kumfunga mdomo Bwana Clive. Nilitaka nikusanye kila alama ya Edward wa Deptford: ndoa yake, watoto wake wote, kodi zake, niirundike mezani kwake. Na ukitaka kila alama ya mtu, lazima usome na maziko. Sisi maziko ya Deptford tulikuwa hatujayasoma. Tulimkuta mtoto anabatizwa, jina la baba ni lile Mama alilolitaja kabla hatujaliona, tukafunga kitabu. Mwenye kujua jibu hatafuti tena. Na yeye jibu alikuwa analijua tangu Nyeri.

Nilimkuta siku ya tatu. Mwandiko ule ule wa karani niliyemzoea. Josiah, mwana wa Edward Thackett, msokota kamba. Amezikwa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi.

Nikatafuta Edward mwingine msokota kamba. Hakuna. Nikatafuta Josiah mwingine aliyezaliwa baadaye nyumba ile, maana wale watu mtoto akifa walikuwa wanampa anayefuata jina lile lile. Hakuna. Baada ya huyo walizaliwa wasichana wawili tu, halafu mama akafa. Niliangalia ile skrini mpaka herufi zikaanza kutembea. Mtoto huyu hakupanda meli. Hakufika Virginia, hakukata mti, hakumwachia mtu bunduki. Alikuwa chini ya udongo wa Deptford tangu hajaweza kutamka jina lake.

Na yule Edward wa mpakani? Kwenye kitabu cha mahakama, mtu ambaye Josiah alimtumikia miaka saba aliitwa Edward. Tulikuwa nalo muda wote, kwenye faili, ukurasa wa tatu. Inawezekana alimpa mwanawe jina la bwana wake. Inawezekana alilipenda tu. Sijui mpaka leo.

Nilikaa nalo siku tano. Shangazi aliniuliza kama nina malaria. Siku ya sita nikapanda ngazi za Peckham, nikamkuta Mama Njeri anamenya chungwa, nikaweka karatasi mbele yake.

Aliisoma. Akamaliza kumenya.

"Umesoma mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mwandiko unaujua?"

"Kama wangu."

Akagawa chungwa mara mbili, akanipa nusu. Hatukula. Chini saluni walikuwa wanacheka kwa Kilingala.

"Mama," nikasema, "wanakuja baada ya wiki nne. Tuwaache waje, wapige picha, warudi. Hakuna anayejua. Ni mimi na wewe."

"Na Clive?"

"Huyo niachie mimi."

"Rehema." Alikuwa haniiti kwa jina mara nyingi. "Watu arobaini wanapanda ndege kuja kulia kwenye kaburi la mtu asiyewahusu. Watu wangekuacha wewe ulie hivyo Tanga, ungewafanya nini?"

"Ningewatukana."

"Basi."

"Lakini jina lako, Mama. Watu wote wanakujua kwa hili."

"Ndiyo maana nitasema mwenyewe." Halafu akasema, sijui kama ni kwangu au kwake, "Nimewasoma kama ni watu wa kwetu."

Aliandika barua Tennessee wiki ile ile, akaambatanisha ukurasa. Hakukuja jibu. Nikafikiri wameahirisha. Wakaja wote arobaini.

Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa, saa nne asubuhi, chai na biskuti. Wote walikuwa wamevaa fulana za kijani, hata watoto, hata babu mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Mgongoni mti wa ukoo umechorwa, juu kabisa EDWARD, DEPTFORD, LONDON. Chini yake Josiah, chini yake matawi. Dinah hayumo. Bi Dorothy, sasa ana miaka themanini na mbili, akamkumbatia Mama Njeri kwa muda mrefu.

Mama Njeri alisimama. Hakutumia karatasi. Aliwaambia mtoto yule alikufa, akawaambia siku gani alizikwa, akawaambia kosa ni lake na lilitoka wapi: kwamba kwao mtoto wa kwanza hurithi jina la babu, na yeye aliwavika wao desturi hiyo bila kuhakikisha kama ni yao. Akasema samahani. Akasema atawatafutia upya bure, kama wakitaka.

Mtoto mmoja akaomba biskuti.

Bi Dorothy akainuka, akamshika mikono. "Mpenzi," akasema, "barua yako niliipata. Sikumsomea mtu. Fulana zilikuwa zimeshachapishwa." Watu wakacheka kidogo, wale wanaocheka ili jambo lipite. Halafu akasema taratibu, "Nimekuwa na Edward karibu miaka minane. Nimeshamzoea. Mimi ni mzee, usininyang'anye."

Nikasimama mimi. Nilianza kusema, na sauti mnaijua. Nikawaambia mama huyu amejivua nguo mbele yenu, na nyinyi mnamwambia fulana. Mama Njeri akanivuta mkono, akaniambia kwa Kiswahili, bila kunitazama, "Kaa chini. Ni wageni."

Wakatoka uwanjani kupiga picha. Walimwita Mama Njeri asimame katikati. Akakataa, akasema mwanga unamuumiza macho. Alikaa ukumbini akakusanya vikombe, vyote arobaini na ushee, akaviosha. Mimi nilifuta. Halafu tukapanda basi la Peckham.

Mwaka uliofuata alifunga mizigo akarudi Nyeri. Ofisi aliniachia, ndiyo nikawachukua nyinyi.

Na hapa ndipo pamenichosha, Brenda. Ripoti niliyoipiga chapa mimi imo kwenye intaneti. Ule mti mjukuu mmoja wa Bi Dorothy aliupandisha, na chini yake ameandika chanzo: jina kamili la Mama Njeri, mtafiti, Peckham, London. Marekebisho yake hayamo. Mtu mwingine kanakili, na mwingine kwa huyo. Nimewaandikia mmoja mmoja, nawatumia ukurasa wa maziko. Wengine hawajibu. Wengine wanasema asante na wanaacha vile vile. Mmoja aliniambia nina wivu. Mmoja alifuta kweli, nikafurahi nikawanunulia chipsi, mnakumbuka. Wiki iliyofuata binamu yake kaurudisha mti. Nimefanya hivi miaka minne, katikati ya kazi nyingine zote, na sasa nikiona jina Thackett nafunga kompyuta. Zamani ningewatukana. Hata matusi siku hizi nayaanza nayaacha katikati. Hapo ndipo nilipojua nimestaafu.

Mama Njeri hupiga simu Jumapili, akitoka kanisani. Haulizi habari za mvua. Anauliza wangapi wamefuta. Hana shida na kukosea, alikosea akasema. Anachotaka ni jina lake litoke kwenye kitu alichokikana mwenyewe, akiwa bado hai wa kuliona linatoka. Wiki iliyopita nilimwambia mimi nimefika mwisho, lakini nina vijana wawili ofisini. Akaniuliza, "Wazuri?" Nikasema wazuri.

Faili liko kabati la dirishani. Ukurasa wa maziko mbele, barua za mfano katikati, orodha ya waliobaki nyuma, na kadi ya Dinah msiitoe humo. Kabla hamjampandisha mtu yeyote meli, someni maziko. Jumapili hii simu italia kama kawaida, na safari hii atauliza nani kalichukua faili. Nimtajie jina la nani?